Karai la Binti Yangu

Walikuwepo hawa. Mimi mwenyewe, mama wa mgonjwa. Binti yangu, ndiye mgonjwa, mtoto wangu wa tatu kuzaliwa na wa kwanza kuishi. Mjukuu wangu, binti wa huyo binti, wakati ule yuko kidato cha tatu. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye mchanga wake wa kuanikia dagaa umepakana na wetu. Na mwanamke mmoja Mrundi kutoka kambini, asiye ndugu yetu, ingawa mwenyewe alikuwa akimwambia binti yangu, "Sisi ndio ndugu wa damu, hao wengine wanajisemea tu. Damu yangu na yako zinapita mashine moja."

Wengine pale mwaloni, ufukweni boti za dagaa zinapofikia, walikuwepo, wanawake kama kumi na watano. Nawajua kila mmoja na jina la mama yake, lakini hao walikuwa watazamaji. Hata hawa watano majina ninayo yote. Siyaandiki kwa sababu binti yangu alikataa. Alisema, "Mama, najua siku moja utazisimulia habari zangu, kukuzuia siwezi. Ila jina langu usiliweke kwenye habari za kubebwa na za chooni." Sasa nikilificha lake, ya wengine nitayatajaje? Tuyaache. Kila mtu atajijua.

Nataka kuandika habari ya Jumamosi moja, lakini siwezi kuanzia hapo, maana asiyejua kazi yetu hataelewa kilichoharibika.

Nyumba yetu iko Ujiji, juu kidogo ya ziwa. Wavuvi wetu hutoka na taa siku za giza, mwezi usipowaka. Asubuhi wanaleta dagaa, sisi wanawake tunapokea kwa makarai, tunaanika mchangani. Usidhani kuanika ni kumwaga tu kama maji machafu. Unachota kiganja, unainama, unatupa kwa kuzungusha kiwiko, dagaa wanatawanyika kila mmoja na mahali pake. Wakilaliana wananuka. Jua likipanda unawageuza, jioni unawazoa. Kazi yote ni kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, mpaka kiuno kinazoea.

Kila mwanamke ana mchanga wake, mipaka yake ni mawe. Karatasi hakuna. Mwenye mchanga ni yule anayetupa kiganja cha kwanza asubuhi. Akiugua, akisafiri, akiwa edani, anafudikiza karai, mdomo chini, katikati ya mchanga wake na kwenda zake. Karai likiwa limefudikizwa hakuna anayegusa hapo, hata upite msimu. Lakini mtu mwingine akizoea kutupa kiganja cha kwanza mahali hapo, mchanga unamfuata yeye. Mama mkwe wangu alinipa mchanga kwa njia hiyo: asubuhi moja alikaa chini, akanipa karai, akaniambia, "Tupa wewe." Nami magoti yaliponichoka nikakaa, nikampa binti yangu, nikamwambia maneno yale yale. Alikuwa na miaka ishirini na mimba ya huyu mjukuu. Alitupa vizuri kunishinda. Mkono wake ulikuwa mwepesi, dagaa wanatua kama mvua ya manyunyu.

Ugonjwa ulianzia miguuni. Ilivimba, tukasema ni kusimama sana. Ukapanda usoni, tukasema ni chumvi ya dagaa. Siku alipotapika tangu asubuhi hadi alasiri, tukampeleka hospitali ya mkoa, wakatuambia figo zote mbili zimekufa. Mimi sikujua kama kiungo kinaweza kufa mtu angali anaongea na wewe. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Wakamtia kwenye mashine ya kusafisha damu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, asubuhi mpaka mchana, kwa muda wa saa nne amelala na damu yake inatoka kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine. Akishuka kitandani anakuwa kama kanga iliyokamuliwa. Bajaji inatuleta nyumbani, analala kama alivyo, na viatu. Misuli ya miguu inamkaza anauma mto. Siku ya pili yake ndiyo anafungua macho vizuri. Basi tukajifunza wiki upya. Jumanne na Alhamisi ni nusu mtu. Jumamosi, kwa kuwa kesho yake haina mashine, ndiyo siku yake, anakaa, anacheka, anamgombeza mwanawe kuhusu shule. Jumapili jioni viatu vinaanza kukataa kuingia, na Jumatatu asubuhi anapumua kama aliyepanda mlima wakati hajatoka kitandani.

Maji alipimiwa kwa kikombe. Ziwa lote lile liko mbele yake, analisikia likipiga, naye ana kikombe kimoja cha kumeza dawa na kingine cha kugawanya kutwa nzima. Aliwahi kuniambia, "Mama, naota nakunywa. Sioti kitu kingine."

Lakini hakuwa mtu wa kulia. Alichotaka kilikuwa kimoja, na alikisema tangu wiki ya kwanza: arudi mwaloni, atupe dagaa kwa mkono wake, hata Jumamosi tu. "Jumamosi moja moja, Mama. Karai moja." Na miaka ile ziwa lilikuwa limepanda, limemeza mchanga mwingi, nyumba nyingine za ufukweni zimesimama majini. Wanawake waliopoteza mahali pao walikuwa wanazungukazunguka wakitafuta pa kuanika. Mchanga wetu ulikuwa juu, ulipona. Kwa hiyo aliniagiza, "Mama, nenda ukanifudikizie karai."

Nilienda na karai, nikafika, nikatazama. Mchanga mkavu, mzuri, mtupu, na kulia kwangu yupo mama mtu mzima anaanika dagaa wake juu ya gunia kando ya njia. Nikaona haya. Nikasema moyoni, mchanga utalalaje bure watu wakihangaika, na mimi mama yake nipo? Watasema nini? Nikajifunga kanga kiunoni, na magoti yangu haya haya, nikainama nikatupa. Wifi yangu akashangilia, "Hoyee! Ajuza karudi uwanjani!" Tukacheka. Sikumwambia binti yangu siku hiyo. Nilimwambia, "Mchanga wako upo salama," na kweli niliona ni salama.

Nyumbani nako nilifanya vile vile. Sisi kwetu mgonjwa haachiwi kazi. Mgonjwa akionekana ameshika ufagio, jirani hamsemi mgonjwa, anamsema mama yake. Nikamwondolea ufagio. Nikamwondolea ndoo, chungu, mwiko. Nikawa namwogesha, ingawa alikuwa anaweza kuoga mwenyewe. Nikawa namletea beseni kitandani, choo kiko uani, hatua ishirini.

"Mama, niachie nifagie hapa tu mlangoni."

"Kaa, mwanangu."

"Nimekaa tangu jana."

"Basi lala."

"Nikilala utasema nini? Nife?"

"Mdomo wako ndio haukuugua," nikamwambia, akacheka, akakaa. Na majirani walinisifu. Msikitini walinisifu. "Yule mama kamshika mgonjwa wake kama yai." Nilizipenda hizo sifa, siwezi kusema uongo.

Yule Mrundi tulimkuta kule kwenye mashine. Kitanda chake kilikuwa cha pili kutoka dirishani, chetu cha tatu. Alivuka ziwa na wenzake miaka ya vurugu za kwao, wakashukia Kagunga, wakapelekwa kambini. Mume hakuvuka. Alikuwa na watoto watatu kambini kwa jirani yake, na figo zilipomharibikia akapewa kibali cha kukaa karibu na hospitali, akapangiwa chumba Mwandiga na wagonjwa wengine. Mwembamba, mweusi, meno ya mbele yana mwanya. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, kinapanda na kushuka. Alikuja na mfuko wake mwenyewe begani, analipanda lile gari la Mwandiga mwenyewe, anashuka stendi anatembea, anasimama anapumua, anatembea. Akimaliza mashine anakaa kwenye benchi mpaka kizunguzungu kiishe, halafu anaondoka.

Siku ya kwanza alitutazama tukiingia, mimi nimemshika binti yangu kwapa la kulia, mjukuu wangu kwapa la kushoto, dereva wa bajaji anasukuma mgongo. Akasema, "Mawe!" yaani mama wee kwa kwao, "Nyinyi watu wa Ujiji, mgonjwa yu hai mnamtanguliza kwenye jeneza?"

Mimi nilikasirika. Binti yangu ndiye aliyecheka, akacheka mpaka nesi akaja kuona kuna nini. Tangu hapo wakawa marafiki.

Nesi alikuwa na zoezi lake. Kabla ya kuwafunga kwenye mashine anawakalisha kwenye kiti kisicho na mikono, mikono yao wanaifumbata kifuani, anashika simu yake kuangalia muda. "Haya, simama. Kaa. Simama. Kaa." Anahesabu mtu amesimama mara ngapi, anaandika. Yule Mrundi alisimama mara kumi na moja, anahema, anacheka, na mwanya wake. Ikafika zamu ya binti yangu. Akasimama mara moja. Mara ya pili akayumba, nikamdaka kwapani nikamwinua. Ya tatu nikamwinua tena.

Nesi akaweka kalamu. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Hizo mbili zilikuwa zako wewe. Nikuandikie faili na wewe?"

Chumba kizima kikacheka. Nesi akaniambia taratibu, kwa heshima, kwamba mashine inasafisha damu lakini haitembezi miguu, na nyama ya mguu isipotumika inaliwa. Kwamba siku zisizo za mashine aachiwe vikazi vyake, vidogo vidogo, akichoka apumzike, aendelee. "Mwachie, Bibi. Hata ufagio." Mimi nilimsikiliza na moyoni nikasema, mtoto huyu hajazaa, anajua nini. Nikatoka nimenuna.

Nilimuuliza yule Mrundi siku nyingine, wao wamefungwa kwenye mashine mimi nimekaa katikati yao: "Mwenzetu, wewe nguvu unazitoa wapi?"

Akanitazama kidogo. "Nguvu gani, mama? Mimi sina wa kunibeba. Ningekuwa naye ningelala." Halafu akamgeukia binti yangu, akasema kwa mzaha, "Niazime huyu bibi wiki moja."

Binti yangu akasema, "Mchukue. Mwezi mzima mchukue."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilicheka nao, maana sikutaka kubaki peke yangu nisiyecheka.

Miezi ikapita. Mimi mwaloni kila asubuhi ya siku za giza, isipokuwa siku za mashine, hapo mjukuu wangu alitupa kabla ya kwenda shule. Siku moja wifi yangu akaniambia huku anageuza dagaa wake, "Wifi, yule mama wa gunia anauliza, ukizeeka tena mchanga wako utampa nani?"

"Mchanga gani wangu? Wa mwanao huu."

"Wa mwanangu ulikuwa. Nani kamwona hapa?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema jua limetoka. "Wewe ndiye unatupa."

Ilinichoma kidogo, nikaisahau. Mchanga kwetu unashuka, toka kwa mama kwenda kwa mwana. Wangu ulikuwa umepanda, na mimi ndiye niliyeuvuta.

Ikaja ile Jumamosi. Binti yangu alikuwa ameamka vizuri. Yule Mrundi alikuwa amekuja kututembelea tangu saa moja, amepanda gari la Mwandiga mpaka mjini na lingine mpaka kwetu, ameleta ndizi mbili kwenye mfuko, akacheka mwenyewe, "Nimeleta ndizi nyumba ya mtu wa figo, na sisi tumekatazwa. Kuleni nyinyi wazima." Walikuwa wamekwisha panga hayo mambo kule kwenye mashine, mimi sijui. Binti yangu akavaa gauni lake la kazi, lile la kijani lililopauka. Lilimzunguka kama lililokopwa. Akasema, "Mama, twende mwaloni."

"Niite bajaji."

"Bajaji ya kwenda mchangani? Tutatembea."

Kutoka mlangoni kwetu hadi mwaloni, mtu mzima hatoki jasho. Yeye alipumzika mara nne. Kwanza kwenye baraza la fundi cherehani. Pili ukuta wa msikiti. Tatu kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Nne kwenye mtumbwi mbovu, na hapo alikaa muda mrefu, jasho la baridi linamtoka puani. Nilitaka kumshika, yule Mrundi akanishika mimi mkono. "Buhoro, mama. Buhoro." Taratibu. Wao wenyewe wawili walitembea kama wazee wa miaka mia, mmoja anamngoja mwingine, wanataniana nani atakufa kwanza. Mjukuu wangu alitangulia na karai tupu.

Tulipofika wanawake wakasimama wote. "Jamani! Jamani karudi!" Wakamshika mikono, wakamsifu sura, ingawa sura haikuwa na cha kusifiwa. Wifi yangu akaenda mbio kuleta kigoda, akakipangusa kwa kanga yake, akakiweka kando ya mawe, upande wa nje. Akasema kwa furaha kabisa, kutoka moyoni, "Karibu, mgeni wetu! Kaa hapa utuangalie."

Binti yangu alikitazama kile kigoda. Akatazama mchanga. Ulikuwa umefagiliwa, una alama za vidole vyangu vya miguu tangu jana jioni nilipokuja kuzoa. Akauliza, "Karai langu mlilofudikiza liko wapi?"

Wanawake walinitazama mimi. Ndipo akajua.

Boti zilikuwa zimeshafika, mjukuu wangu akaja na karai lina dagaa nusu, wabichi, wanang'aa. Mama yake akamwambia, "Nipe." Akapewa. Akalipakata kiunoni upande wa kushoto, kama alivyolipakata siku zote, akaingia ndani ya mawe. Hatua moja, mbili, tatu. Akasimama. Akaanza kuinama, mkono wa kulia umeingia kwenye karai. Magoti yalikuwa yanatetemeka, nililiona gauni likitikisika. Mwaloni watu wote macho kwake, na mimi nikaona wote wananitazama mimi: mama gani huyu, mgonjwa wake anainamishwa juani?

Nikaruka. Mwanamke wa miaka sitini na mitano, niliruka kama msichana. Nikalipokonya lile karai.

Aliyumba, Mrundi akamdaka. Dagaa wachache wakamwagika. Nikasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Kaa, mwanangu, mimi nipo!" Na kwa kuwa karai lilikuwa mkononi na mchanga uko mbele yangu, mkono wangu ukafanya ulichozoea. Nikatupa kiganja cha kwanza.

Naliona bado. Dagaa walitua vizuri.

Binti yangu akaenda kukaa kwenye kile kigoda, upande wa nje wa mawe. Akasema kwa sauti ndogo, siyo kwa hasira, "Haya Mama. Wako." Yule Mrundi akachota dagaa kiganja kimoja kwenye karai langu bila kuniomba, akamtia mkononi. "Tupa, dada. Hapo hapo ulipokaa." Akatupa akiwa amekaa. Wakaanguka donge moja, karibu na miguu yake. Wifi yangu akainama awatenganishe.

"Waache," binti yangu akasema. "Waache wanuke."

Tulirudi kwa bajaji.

Baada ya siku hiyo hakuomba ufagio tena. Nilidhani ametulia. Nilishukuru Mungu kwamba ametulia. Nesi alipomkalisha kwenye kiti chake Jumatatu, alisema, "Leo sitaki, nesi," na Jumatano akasema hivyo hivyo. Kufika masika, kutoka kitandani hadi chooni ilitaka watu wawili. Mapaja yake ukiyashika kidole kinakutana na kidole. Nesi hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Pole, Bibi," nami ningependa angenigombeza.

Hapo ndipo akili ilinijia, na akili yangu ilichelewa. Nilianza kumrudishia. Nilimletea ungo wa maharage kitandani, nikamwambia, "Nisaidie kuchambua, macho yangu hayaoni mawe." Uongo, macho yangu yanaona. Akajua ni uongo. Akachambua lakini, kidogo kidogo, anapumzika, anaendelea, na kila jiwe analiweka pembeni kwenye kifuniko cha chupa. Nikamletea dagaa wakavu awatoe takataka. Nikamwachia kitambaa ajipanguse uso mwenyewe, natoka nje nasimama nyuma ya mlango mikono nimeifumbata kama nesi alivyowafundisha, ili isiruke. Siku moja alijipangusa uso, shingo, na mikono yote miwili mpaka kwapani. Ilimchukua muda wa mtu kuswali Adhuhuri na sunna zake. Akaniita, "Mama, njoo uone." Akanionesha mkono umekauka, msafi. Alikuwa amefurahi.

Alikufa Jumatatu asubuhi, nimeshamvisha, bajaji iko njiani. Viatu vilikataa kuingia. Nilikuwa nimepiga magoti nasukuma kisigino chake, akasema, "Acha, Mama, nitavaa mwenyewe." Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kiatu. Haukufika.

Yule Mrundi alikuja msibani, akaja arobaini. Arobaini alikaa na mimi jikoni, akaosha vyombo vyote, nami nilimwacha aoshe. Akaniambia kambini wanaambiwa warudi kwao, majina yanaandikwa, na hajui huko atakakofikia kama kuna mashine au hakuna. Alisema hivyo huku anasugua sufuria. Nikamwambia abaki, akae kwangu. Akasema, "Ukinibeba nitakufa, mama," na akacheka ule mwanya wake, kisha akaacha kucheka, akaniegemea begani akiwa na mikono ya sabuni. Hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kumwona. Nilipoenda hospitali kuuliza, kitanda cha pili kutoka dirishani alilala baba mmoja wa Kidahwe. Nesi alisema ameondoka na wenzake, hakuacha namba.

Mchanga sikuutupia tena. Nilichukua lile karai la binti yangu, nikalifudikiza katikati. Mwaloni walijua kwamba sheria hiyo si ya wafu, lakini hakuna aliyethubutu kuniambia, hata mama wa gunia. Limekaa pale misimu miwili, limeota kutu. Mjukuu wangu amemaliza shule. Juzi ameniuliza, "Bibi, naweza kulifudua?" Nikamwambia asiniulize mimi. Asubuhi yake nilibaki nyumbani, nikafagia ua uliokwisha fagiliwa. Aliporudi magamba yalikuwa yamemganda mikononi.

Sasa nawaomba mliokuwepo. Nimeandika kama ninavyokumbuka, na mtu wa umri wangu hukumbuka jina la kila mtu akasahau nani alisimama wapi. Kama alipumzika mara tatu siyo nne, nisahihisheni. Kama gauni halikuwa la kijani, nisahihisheni. Lakini kuna moja nataka kulijua hasa. Wifi yangu anasema lile karai lilikuwa linamponyoka, kwamba nisingelichukua angeanguka nalo. Yule Mrundi alisema alikuwa amelishika barabara. Mjukuu wangu nikimuuliza anainamisha kichwa. Wewe uliyekuwa karibu, uliyeuona mkono wake, niambie ulikuwa umeshika au ulikuwa unaachia. Ila usije kunisahihisha kwa kunionea huruma.